Kitabu Kinachoshuka na Kitabu Kinachovuka

Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka aliyekuwa mtawala wa Siyu, alimwita binti yake Mwana Hashima aje karibu na wino na karatasi. Alikuwa mgonjwa, na ugonjwa huo haukumwacha. Inakadiriwa kwamba alifariki miaka michache baadaye. Alichomwachia mwanawe ni utendi wa beti mia na ushei juu ya dini, adabu, unyumba na namna ya kuishi na watu wa kila daraja. Shuleni tumeusoma kama mfano wa tungo za mawaidha. Tumehesabu mizani zake, tukabishana kama mama huyu alimtetea mwanamke au alimkaza kamba zaidi. Ni nadra kuutazama kwa jicho la kawaida tukaona kwamba ulikuwa zawadi. Mtu mmoja alikaa akamfikiria mtu mwingine mmoja, akajiuliza huyu atahitaji kusoma nini nitakapokuwa sipo, na kwa kuwa kitabu hicho hakikuwapo, akakitunga.

Katika karne iliyofuata Shaaban Robert alifanya vilevile. Ndani ya maelezo ya maisha yake mna tenzi mbili alizowatungia wanawe: Hati kwa binti, Adili kwa mwana wa kiume. Mzazi ni mwingine, bahari ni ile ile, na hoja haikubadilika: mali huisha, wazazi hufa, maandishi hubaki mkononi mwa mtoto.

Nimeanza na hao wawili kwa makusudi. Kila linapozuka suala la kununuliana vitabu, hakosekani mtu wa kusema kwamba desturi hiyo si yetu, ni mambo ya Wazungu wa Krismasi. Anayesema hivyo amesahau mengi. Desturi tunayo, na mizizi yake imekwenda chini kuliko ya wengi nitakaowataja hapa. Ila yetu ina mwelekeo mmoja. Kitabu kwetu hushuka: kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto, kwa mwalimu kwenda kwa mwanafunzi, kwa sheikh au padri kwenda kwa muumini. Ni mara chache kivuke, yaani kitoke kwa shoga kwenda kwa shoga, kwa wifi kwenda kwa wifi, kwa jirani aliyemaliza riwaya jana usiku na leo hawezi kutulia mpaka mwenzake naye aisome. Na kitabu kinachoshuka hupokelewa kwa namna yake. Anayepewa hukishika kwa mikono miwili, husema ahsante, kisha hujiuliza kimya kimya amekosea wapi.

Njia ya kwanza ya kushuka ni dini. Tazama meza ya zawadi kwenye harusi yoyote ya Dar es Salaam au Mombasa. Kuna vitenge, masufuria, blenda, pasi, mashuka, na bahasha ambazo mshereheshaji hutangaza majina ya watoaji wake kwa mbwembwe. Kikiwapo kitabu ni Msahafu au Biblia, na aghalabu kimetoka kwa mkubwa. Kwa Waislamu Msahafu unaweza kuwa umeingia mapema zaidi, ndani ya mahari yenyewe. Wapo mabinti wanaoutaja pamoja na mswala kabla hawajataja shilingi. Iran nako nakala ya Kurani hutajwa katika mkataba wa ndoa pamoja na kioo na vinara vya mishumaa, hata pale mahari inapohesabiwa kwa sarafu za dhahabu. Masheikh wakizungumzia jambo hili hukumbusha hadithi ya yule sahaba fukara aliyekosa hata pete ya chuma, Mtume akamwozesha kwa sura za Kurani alizozihifadhi. Kuna kitu katika hadithi hiyo kinachopita masikioni mwetu haraka mno. Yule bwana hakutoa kitabu cha dukani. Alitoa alichokuwa amekisoma mwenyewe mpaka kikakaa kifuani. Msahafu wa siku hizi, wenye boksi la mahameli na maandishi ya dhahabu, haumlazimu yeyote kati ya hao wawili awe ameufungua.

Njia ya pili ambayo kitabu hutushukia ni shule, na hapa inafaa tuwaangalie Waingereza wa karne ya 19, kwa sababu walikuwa na zawadi za vitabu za aina mbili na sisi tukaletewa moja tu. Aina ya kwanza ilikuwa ya raha. Mwishoni mwa 1822 mchapishaji Rudolph Ackermann wa London alitoa Forget Me Not, kitabu kidogo cha hadithi, mashairi na picha, kilichokusudiwa tangu mwanzo kununuliwa kwa ajili ya mtu mwingine. Vikafuata vingi vya namna hiyo kila mwisho wa mwaka, na vingi viliachiwa ukurasa uliopambwa maua pembeni na kati ukabaki mtupu, ili mtoaji aandike jina lake na la mpokeaji. Wachumba walipeana, na marafiki pia. Wahakiki walivicheka vitabu hivyo kwa utamu wake wa kupitiliza, na pengine walikuwa na haki, lakini vilivuka.

Aina ya pili ilikuwa tuzo ya mtoto mwema: kitabu alichopewa mwanafunzi wa shule ya Jumapili kwa mahudhurio, kwa usafi, kwa kukariri aya. Ndani ya jalada kilibandikwa kipande cha karatasi chenye jina la mtoto, jina la shule na sababu ya tuzo. Hadithi zenyewe zilikuwa za watoto watiifu na walevi waliotubu. Ni huu mtindo wa pili uliopanda meli ukaja Afrika Mashariki pamoja na shule za misheni na za serikali, na haujaondoka. Siku ya kutoa zawadi, wa kwanza darasani hupata kamusi, wa pili huambulia kamusi ndogo zaidi, wa tatu kitabu cha mazoezi ya hesabu. Mtoto hujifunza mapema kwamba kitabu ni malipo ya kazi, na kwamba asiyeshinda hastahili. Aliyekuwa wa thelathini na tisa, ambaye pengine ndiye hasa angefurahia kitabu cha hadithi, anapiga makofi.

Njia ya tatu ni mpya, na ndiyo inayonichekesha. Pita kwa wauza vitabu wa kando ya barabara, Dar es Salaam au Nairobi, uangalie kilichotangulizwa mbele. Rich Dad Poor Dad cha Robert Kiyosaki, kilichotoka 1997, hakikosekani. Pembeni yake Think and Grow Rich cha Napoleon Hill, cha 1937, bado kinauzwa kama kimechapwa jana. Hivi ndivyo vitabu ambavyo watu wazima wa mjini hununuliana wanaponunuliana: bosi kwa kijana wa ofisini, mchumba kwa mchumba asiyeweka akiba, mjomba kwa mpwa aliyemaliza chuo na bado anaishi nyumbani. Wakosoaji wetu huviona kama uvamizi wa Marekani. Mimi naona ni wasia ule ule uliobadili mavazi. Mwana Kupona alimweleza bintiye namna ya kupata radhi ya watu na ya Mungu. Kiyosaki anamweleza mpwa namna ya kutoka nyumbani kwa mjomba. Tofauti ni kwamba Mwana Kupona alimjua aliyemwandikia.

Rafiki yangu mmoja aliletewa vitabu kwenye kicheni pati yake, vyote vya kumfundisha kumtunza mume. Alivipanga kabatini kwa heshima. "Hakuna aliyeniletea riwaya," aliniambia baadaye, "na wote wanajua nakesha na riwaya."

Sasa twende mbali kidogo. Aisilandi ina watu wasiofika laki nne, wachache kuliko wakazi wa Temeke peke yake. Usiku wa tarehe 24 Desemba, baada ya chakula, familia za huko hufungua zawadi, na miongoni mwa zawadi hizo kitabu hakikosekani. Msimu mzima wa miezi ya mwisho wa mwaka huitwa kwao mafuriko ya vitabu vya Krismasi. Watu wengi wanaousifu hudhani umetoka enzi za kale za masimulizi ya mashujaa. Kwa kweli umetoka kwenye uhaba. Mwezi wa Mei 1940 Waingereza walikikalia kisiwa hicho, mwaka uliofuata wakaingia Wamarekani, na kazi za kambi za jeshi zikamwaga fedha mifukoni mwa watu. Fedha zikawapo, bidhaa zikakosekana, maana uagizaji kutoka nje ulibanwa. Karatasi haikubanwa kama vitu vingine. Wachapishaji wakachapa, watu wakanunua, na tangu 1944, mwaka ule ule Aisilandi ilipojitangaza jamhuri na kuachana na mfalme wa Denmark, chama cha wachapishaji kikaanza kutoa orodha ya vitabu vya mwaka, Bókatíðindi, ambayo kwa miongo mingi ilifika bure katika kila nyumba.

Uhaba peke yake hauelezi yote. Mataifa mengine yalikosa bidhaa vitani na hayakugeuka wasomaji. Aisilandi ilikuwa na zoea la zamani la jioni za baridi mashambani: watu wote wa nyumba hukaa chumba kimoja wakichambua na kusokota sufu, na mmoja wao husoma kwa sauti. Kusoma lilikuwa jambo la watu waliokaa pamoja, wakubwa kwa wadogo, tajiri wa shamba na vibarua wake, masikio yote yakielekea kitabu kimoja. Mtu wa Lamu au Pate aliyewahi kusikia utendi ukisomwa barazani usiku atalielewa zoea hilo bila kuelezwa mara mbili. Sisi tulikuwa na kikao kama hicho. Tofauti ilikuja baadaye, pale kitabu kilipotoka kikaoni kikaenda kwa mtu mmoja mmoja. Kwao kilipita dukani na sikukuu; kwetu kilipita shuleni na mtihani.

Hata hivyo sipendi namna Aisilandi inavyosifiwa siku hizi, kana kwamba kila mtu huko hukaa akamfikiria shangazi yake kwa saa nzima kabla ya kununua. Orodha moja ikisomwa na kila mtu, uchaguzi huwa umefanywa nusu. Mwandishi wa hadithi za upelelezi Arnaldur Indriðason hutoa kitabu kipya tarehe 1 Novemba karibu kila mwaka, na si siri kwa nini ni Novemba. Mtu mmoja anaweza kupata nakala mbili za kitabu kimoja usiku mmoja, ndiyo maana vitabu vya zawadi hubandikwa stika ya kuruhusu kubadilisha, na baada ya sikukuu maduka hujaa watu waliokuja kubadilishana. Zawadi ya namna hii haimjui sana mpokeaji. Lakini haimhukumu, na hilo ndilo lililonifanya niitaje. Binamu akikupa hadithi ya mauaji hakuambii urekebike. Anakuambia usiku ni mrefu, kula chokoleti, lala umechelewa.

Barcelona ni habari nyingine kabisa. Huko siku yenyewe ni 23 Aprili, sikukuu ya Sant Jordi, mtakatifu mlinzi wa Catalonia, yule muua joka. Waridi lilitangulia, soko la mawaridi la siku hiyo kwenye jumba la serikali ya Catalonia lina umri wa karne kadhaa. Kitabu kililetwa na mfanyabiashara. Vicente Clavel, mwenyeji wa Valencia aliyekuwa mkurugenzi wa nyumba ya uchapishaji iliyoitwa Cervantes, alipendekeza katika miaka ya 1920 kwamba Hispania iwe na siku ya kitabu, na nia yake ya kuuza hakuificha. Mfalme Alfonso XIII akatia sahihi amri mwaka 1926. Siku ya kwanza iliadhimishwa 7 Oktoba, kwa kudhaniwa ndiyo tarehe aliyozaliwa mwandishi Cervantes. Oktoba haikushika. Mwaka 1930 ikahamishiwa 23 Aprili, ikakuta mawaridi na umati wa watu uliokwisha kutoka majumbani, na hapo ikashika mpaka leo. Mwaka 1995 UNESCO iliichukua tarehe hiyo kuwa siku ya vitabu ya dunia nzima, kwa maelezo kwamba Cervantes na Shakespeare walifariki tarehe hiyo mwaka 1616. Shakespeare alifariki kwa kalenda ya zamani ya Uingereza, iliyokuwa nyuma ya ile ya Hispania kwa siku kumi, na Cervantes inasemekana alikata roho tarehe 22. Haidhuru. Sikukuu haijawahi kufa kwa sababu ya hesabu mbovu ya tarehe.

Desturi ya zamani ilikuwa mwanamume ampe mwanamke waridi, mwanamke ampe mwanamume kitabu, kana kwamba mmoja kaumbwa kunusa na mwingine kusoma. Siku hizi wengi hupeana vyote viwili. Chini ya utawala wa dikteta Franco, uliobana lugha ya Kikatalani na katika miaka yake ya mwanzo kuzuia hata vitabu vyake kuchapwa, kumpa mtu kitabu cha Kikatalani siku ya Sant Jordi kulibeba maana zaidi ya mapenzi. Leo zinauzwa nakala zaidi ya milioni moja kwa siku hiyo moja, meza zimepangwa mitaani kuanzia asubuhi, waandishi wameketi wanatia sahihi. Wamo pia watangazaji wa televisheni na wapishi maarufu, wenye foleni ndefu kuliko washairi. Kelele hizo hazinisumbui. Soko la samaki lina kelele na watu hurudi na samaki.

Ukiziweka Aisilandi na Catalonia pamoja, unaona kitu ambacho wanaozisifu desturi hizi hawapendi kukisema: hakuna hata moja iliyochipuka yenyewe kutokana na upendo wa watu kwa vitabu. Zote mbili zilisukumwa na wachapishaji waliotaka kuuza, zikabebwa na lugha ndogo iliyojiona hatarini, zikapandikizwa juu ya sikukuu iliyokuwapo tayari. Upendo ulikuja baadaye, au tuseme ulikuja pamoja na zoea.

Warusi wa zama za Kisovieti nawapitia haraka. Kaulimbiu yao ilikuwa kwamba kitabu ndiyo zawadi bora kuliko zote, na watu waliiamini kwa sababu vitabu vizuri havikupatikana. Kuanzia 1974 ulipeleka kilo 20 za karatasi kuukuu, ukapewa kuponi, ukanunua riwaya ya Dumas. Kitabu kilichopatikana hivyo kilikuwa zawadi kama vile sukari inavyokuwa zawadi mwezi wa uhaba wa sukari, na vingi viliishia kupamba kabati la sebuleni.

Turudi pwani, kwa sababu kuna mwelekeo wa tatu ambao si wa kushuka wala wa kuvuka, na katika huo sisi hatuna cha kujifunza kwa Aisilandi. Miongoni mwa hati za Kiarabu zilizohifadhiwa katika Msikiti wa Riyadha, Lamu, zimo zilizoandikwa maneno ya wakfu. Fomula ya wakfu inajulikana kote katika ulimwengu wa Kiislamu: kitabu hiki hakiuzwi, hakitolewi hiba, hakirithiwi. Mtoaji anakitoa mara moja, kisha anakifunga kisitolewe tena. Hakijui msomaji wake, kwa maana amekusudiwa mwanafunzi ambaye bado hajazaliwa. Mtu anayempa rafiki yake riwaya huchagua kwa kumfahamu. Mtu wa wakfu huchagua kwa kukifahamu kitabu, na anayebaki humo ndani kwa jina ni yeye mwenyewe, kwenye ukurasa wa kwanza, akiomba dua.

Wakfu huo una mtoto wake mdogo, anayeonekana kila msikiti wa mwambao: kijuzuu cha Yasini cha kurasa chache, kilichonunuliwa kwa dazeni kwa thawabu ya marehemu. Indonesia wameendeleza jambo hili hadi likawa fani. Familia huchapisha Yasini zenye jina na picha ya aliyefariki, zikagawiwa kwa waliohudhuria kisomo cha siku ya arobaini, ya mia, ya elfu. Jirani anaondoka na kitabu chenye uso wa jirani yake. Sijui zawadi ya kitabu ya Ulaya inayofanya kazi nzito kama hiyo kwa karatasi nyepesi hivyo.

Na Mwana Kupona? Yeye aliupita mpaka huu bila kelele. Utendi aliouanza kwa kumwita binti mmoja anaumalizia kwa kuwahimiza wanawake wote wausome. Zawadi iliyoshuka kwa Mwana Hashima ikawa wakfu wa mdomoni, ikanakiliwa, ikahifadhiwa na watu ambao hawakuwa na udugu naye. Kwa hiyo si sahihi kumweka kwenye kundi moja na mjomba wa Kiyosaki, ingawa nimewalinganisha hapo juu. Mjomba hununua kitabu kile kile kwa wapwa wote.

Kinachobaki ni swali la kuvuka: je, kweli sisi hatujui kumchagulia mwenzetu maandishi? Nenda Biashara Street, Mombasa. Mwanamke anayetaka kumpa mtu doti ya kanga haangalii mji na pindo peke yake. Anasoma jina. Anaweza kufunuliwa kanga ishirini na zote akazikataa, kwa sababu maneno ya hii yatamuumiza mama, ya ile yatasomwa na wifi kwa nia mbaya, na ya hiyo nyingine ni ya mpenzi kwa mpenzi. Muuzaji naye anajua. Swali lake la kwanza huwa ya nani, na akijibiwa, nusu ya rafu hairudi kuangaliwa tena. Kaderdina Hajee Essak, ambaye kanga zake hadi leo hutiwa alama ya Mali ya Abdulla, anatajwa sana kuwa miongoni mwa walioeneza mtindo wa kuzitia maneno, na tangu hapo wanawake wa pwani wamekuwa wakipelekeana maandishi yaliyochaguliwa kwa makini, rafiki kwa rafiki, hasimu kwa hasimu. Ujuzi ambao gazeti la Ulaya huuita sanaa ya kuchagua kitabu cha zawadi, yaani kumjua mtu, kuijua hali aliyonayo sasa, na kupima neno litapokelewaje, umo mikononi mwa bibi ambaye pengine hajawahi kuingia duka la vitabu.

Linganisha na duka la vitabu lenyewe. Sehemu kubwa ya biashara ya vitabu kwetu ni vya kiada, kwa hiyo rafu hupangwa kwa darasa: la tano, la sita, kidato cha pili. Swali la muuzaji ni mtoto yuko darasa la ngapi. Ukijibu kwamba unamtafutia dada yako wa miaka arobaini na tano aliyeachika mwaka jana na anayependa kucheka, unatazamwa kama uliyepotea njia. Riwaya ya Kiswahili ikiwapo, huwa ni ile iliyoteuliwa kutahiniwa, na jalada lake limeandikwa hivyo waziwazi. Nani atampa dada yake mtihani? Bei nayo haisaidii. Hispania hutoza vitabu kodi ya asilimia 4 na Aisilandi asilimia 11. Kenya mwaka 2013 iliviingiza kwenye kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16. Lakini doti ya kanga nayo si bure, na haikosi mnunuzi.

Kwa maoni yangu nafasi tunayo na tumeilalia. Novemba 2021 UNESCO iliitangaza 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, kwa kukumbuka chama cha TANU, kilichozaliwa 7 Julai 1954 na kukifanya Kiswahili chombo cha mapambano. Lugha yenye wasemaji zaidi ya milioni 200 kwa hesabu ya UNESCO yenyewe ikapata siku yake. Tunaiadhimisha kwa makongamano, mada za wataalamu, ngoma na hotuba za mgeni rasmi. Kitabu, kikionekana, kiko juu ya meza ya maonyesho kimeegemezwa kikitazamwa. Na Tanzania siku hiyo hiyo ni Sabasaba, mapumziko ya taifa, katikati ya maonyesho ya biashara ya Barabara ya Kilwa, ambako umati umeshatoka nyumbani na fedha mfukoni ukitafuta cha kununua. Clavel alihangaika miaka minne na tarehe isiyoshika mpaka alipoukuta umati wa namna hiyo. Sisi umati ulitangulia, tarehe ikaufuata.

Wachapishaji watasema hawana vitabu vya kuweka hapo, na kwa sehemu ni kweli. Anayeishi kwa kiada hana haraka ya kuchapa kitabu ambacho hakuna wizara itakayokinunua kwa maelfu. Ila havihitajiki vingi kwa mwaka wa kwanza. Zinatosha hadithi za mapenzi zisizo na maswali mwishoni mwa sura, za upelelezi, za kuchekesha, diwani nyembamba inayoingia kwenye mkoba, kitabu cha mapishi ya pwani chenye picha nzuri, na ukurasa wa mwanzo ulioachwa mtupu kwa ajili ya kalamu ya mnunuzi. Na wauzaji watafutwe Biashara Street.